Mtoto haongei? Uache ulimi wake kwanza

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 10, hasemi neno hata moja. Akitaka kitu ananivuta mkono. Alinyonya vizuri na anakula vizuri. Mama mkwe anasema ana udata, na kuna mzee anaukata kwa wembe, wiki haiishi mtoto anaongea. Tena nimeambiwa bibi yake aache kumsemesha Kidigo, kinamchanganya. Nimpeleke? *Mama wa mtoto mmoja, Tanga*

Jibu: Usimpeleke, mama. Mimi kazi yangu ni tiba ya usemi na lugha, na kila mara naletewa watoto walioshakatwa, wengine mara mbili, na bado hawaongei.

Udata upo, sikatai. Utando wa chini ya ulimi ukiwa mfupi, mtoto mchanga anaweza kushindwa kushika ziwa, na baadaye akapata tabu na sauti zinazotaka ncha ya ulimi ipande, kama r na l. Lakini hebu tamka polepole: mama, baba, bibi, mbu. Kazi ni ya midomo, ncha ya ulimi imelala tu. Mtoto ambaye shida yake ni udata angekuita mama tangu asubuhi hadi jioni, akaja kukwama kwenye Rehema. Wako alinyonya vizuri na hana neno lolote. Ulimi wake hauna kesi.

Kilichonishtua ni hilo uliloliandika kwa kupita: ananivuta mkono. Majuzi nilikuwa na mtoto wa rika lake, kopo la biskuti liko mezani, mfuniko umekaza. Alinishika kifundo cha mkono, akaubandika mkono wangu juu ya mfuniko, akasubiri. Hakunitazama usoni, hakunyoosha kidole, hakutoa sauti. Mwingine angelionyesha kopo, akanigeukia, akalalama “mm! mm!” Wote wawili hawasemi, lakini yule wa pili tayari anawasiliana, yamebaki maneno. Wa kwanza anahitaji uchunguzi wa makini, na usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa jinsi mtoto anavyowasiliana na watu, ni mojawapo ya mambo yatakayoangaliwa. Sisemi wako ana usonji. Hilo halijulikani kwa barua. Mtazame tu anavyoomba.

Kabla ya yote, apimwe masikio. Wala kugonga sufuria nyuma yake si kipimo. Mtoto anaweza kushtuka mlango ukibamizwa, huku sauti nyembamba kama s na f hazimfikii, na maneno yanamjia nusunusu. Kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, kupata manjano makali alipozaliwa, au kutoka usaha masikioni, mweleze anayempima. Vipo vipimo ambavyo mtoto hatakiwi kujibu chochote, vingine hufanywa akiwa amelala. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa wataalamu wa masikio, pua na koo.

Bibi aendelee na Kidigo chake. Lugha mbili hazimfanyi mtoto bubu. Pwani yetu yote ingekuwa kimya. Katherine Alcock wa Chuo Kikuu cha Lancaster na wenzake waliandaa orodha za maneno ya watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama huko Kilifi, wakawahoji wazazi ana kwa ana kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Utafiti wao wa 2015 ulionyesha kwamba wazazi hao waliweza kueleza lugha ya watoto wao kwa namna ya kutegemewa. Basi nawe shika daftari. Ukisema “lete kiatu” bila kuonyesha kwa mkono, analeta? Ipo sauti anayoitumia kwa kitu kilekile kila siku? Andika ya Kidigo na ya Kiswahili pamoja, uende nalo hospitali.

Kuhusu wembe, damu na pepopunda unavijua. Kinachoniuma zaidi ni muda. Mzazi anakata, anangoja “ulimi ufunguke”, nusu mwaka unapita, anakata tena. Akifika kwangu mtoto ana miaka 5. Na wembe haukosi sifa, maana watoto wengi waliochelewa huanza kuongea wenyewe kati ya miaka 2 na 3. Aliyekatwa wiki moja kabla, sifa anachukua mzee. Ambao hawakuongea, mama zao hawarudi kumtangazia.

Biashara hii ya tiba za uongo haina kwao. Marekani wazazi waliuziwa klorini dioksidi, kemikali ya kupaushia, kuwa ni dawa ya usonji. Mamlaka ya chakula na dawa ya huko ilionya 2010, ikarudia 2019, huku wauzaji wakidai kwamba kutapika na kuhara ni dalili kuwa dawa inafanya kazi. Huku kwetu ni chupa za “kufungua ulimi” zinazouzwa kwenye simu, na muuzaji haulizi hata kama mtoto anasikia.

Mtoto wa mwaka 1 asiyebwabwaja wala kunyoosha kidole, wa miezi 16 asiye na neno, wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, na wa umri wowote aliyekuwa na maneno yakapotea: hao wapelekwe wiki hii, si baada ya Idi, si baada ya mavuno.