Msimamizi asihukumu kesi ya kikundi chake

Umeuliza kama ni haki msimamizi wa mchezo wa mtandaoni kuamua ugomvi unaokihusu kikundi anachochezea mwenyewe, madhali anajulikana kuwa mwaminifu. Kwa maoni yangu si haki, kwa sababu aliyeshindwa katika shauri hilo hana njia ya kuuona uaminifu huo; anachokiona ni kwamba aliyemfungia akaunti ni mshirika wa mpinzani wake.

Mfano ulio wazi ni EVE Online, mchezo wa kampuni ya CCP ya Iceland. Mwaka 2007 ilibainika kwamba mfanyakazi mmoja wa kampuni hiyo alikuwa amejipatia isivyo halali michoro adimu ya kuundia vifaa ndani ya mchezo, nayo ikakinufaisha kikundi alichochezea, jambo lililowaumiza sana wachezaji waliojenga himaya zao kwa jasho la miaka. Kampuni ikaunda kitengo cha kuwachunguza wafanyakazi wake, na mwaka 2008 wachezaji wakachagua kwa kura baraza la kuwawakilisha, ingawa baraza hilo hushauri tu na halihukumu mtu.

Mimi hupendelea zaidi utaratibu uliotumika katika Counter-Strike: Global Offensive, mchezo wa mtandaoni wa kufyatuliana risasi, ambapo wachezaji wazoefu walitazama rekodi ya pambano bila kuonyeshwa jina la mtuhumiwa. Palipo na wasimamizi wachache, angalau anayehusika ajitoe, sababu za adhabu ziandikwe, na rufaa isikilizwe na mtu ambaye hakutoa uamuzi wa kwanza.