Chai ya vinka badala ya dripu?

Ndugu muulizaji,

Umeeleza kwamba mama yako anatibiwa limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, na kwamba jirani amemshauri aache dripu za hospitali anywe chai ya majani ya vinka, kwa kuwa dawa anayotundikiwa, vinkristini, inatokana na mmea huo huo. Kuhusu asili ya dawa, jirani amesema kweli. Ushauri wake ndio wenye hatari.

Vinka, yale maua ya waridi na meupe yanayopamba bustani nyingi za pwani yetu, asili yake ni Madagaska. Katika miaka ya 1950 watafiti Robert Noble na Charles Beer, wakiwa Kanada, waliyachunguza majani yake kwa sababu yalisifika kutibu kisukari. Sukari haikushuka, lakini chembe nyeupe za damu zilipungua, na uchunguzi huo ukazaa dawa ya saratani iitwayo vinblastini. Vinkristini ilifuata. Dawa hizi huvuruga nyuzi zinazotenganisha kromosomu (vibeba urithi vya seli), hivyo seli ya saratani hushindwa kugawanyika. Kiasi chake ndani ya majani ni kidogo mno, na hospitalini hupimwa kwa miligramu kwa sababu kikizidi huharibu neva. Kikombe cha chai hakina kipimo (wala jirani hana mizani ya kukipima), na kina alkaloidi (kemikali za mimea) nyingine zenye sumu.

Mama aendelee na mizunguko yake ya matibabu. Ikiwa amekwisha kunywa chai hiyo, mwambieni daktari kabla ya dripu ijayo, bila kuona haya.