Kabla Hamjamwondoa Mbwa wa Baba

Wiki iliyopita niliandikiwa ujumbe na binti mmoja wa Sengerema ambaye baba yake, mzee wa miaka 74, anaishi na kisukari na shinikizo la damu. Anasema kwamba tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, kumleta baba kliniki mjini Mwanza si kazi kubwa tena, ila nyumbani kuna mvutano: ndugu wanataka mbwa wa mzee aondolewe kabla hajamwangusha, na mzee amesusa kula. "Shikamoo mwalimu, tumfanyeje huyu mbwa?" Marahaba, mwanangu. Nimekaa na swali lako siku tatu, kwa sababu swali hilohilo liliwahi kuamuliwa juu yangu bila mimi kuulizwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane wa miaka 69, na kisukari ninacho tangu 2011. Ninaishi Bugarika, upande wa mlimani, ambako nyumba zimejibana katikati ya mawe na njia ya kufika kwangu ni ngazi ishirini na tatu zisizolingana kimo. Mbwa wangu nilimchukua akiwa mdogo kwa wavuvi wa mwaloni Kirumba, nikamwita Sungusungu kwa heshima ya lile jeshi la jadi lililoanza Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, maana nilimtaka awe mlinzi. Ulinzi alionifanyia sikuutarajia.

Mwaka juzi, wakati wa mvua za vuli, alianza kunifuata barazani kila jioni, ananusa kisigino changu cha kushoto na kutaka kukilamba. Nilimfukuza siku ya kwanza, nikamfukuza na ya pili. Siku ya tatu nilivaa miwani, nikakaa chini ya taa, nikautazama unyayo kwa kioo kidogo cha mkononi, nikaona kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, kimezungukwa na ngozi nyeupe iliyolainika kama ya mtu aliyeshinda ziwani. Ndani ya kiatu changu cha kanisani mlikuwa na kokoto. Nilikuwa nimeikanyaga tangu Jumapili bila kusikia chochote, kwa kuwa sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu.

Daktari alikisafisha, akaniambia kwamba ningechelewa zaidi tungekuwa tunazungumzia kukatwa, na kwamba nisimruhusu kamwe mbwa kulamba kidonda, kwa sababu mate yake yana vijidudu vinavyoweza kumletea mwenye kisukari maambukizi mabaya. Tangu siku ile nakagua nyayo kila usiku na kukung'uta viatu kabla ya kuvaa.

Kidonda kilichukua wiki saba kupona. Katika wiki hizo mwanangu wa kwanza aliitisha kikao cha familia, akasema mbele ya shemeji zangu kwamba mama anazungumza na mbwa kuliko anavyozungumza na watu, na kwamba majirani wameanza kunong'ona. Kwetu Usukumani, kikongwe anayeishi peke yake hunong'onwa kwa maneno ambayo yamewaponza wanawake wengi hata wakauawa, na mwanangu alijua uzito wa alichokisema. Ikaamuliwa mbwa aondoke. Nilikataa. Mpaka leo nikikumbuka walivyoendelea kunywa chai huku mimi nalia, kifua kinanibana.

Sisemi kwamba hatari haipo. Niliwahi kuanguka kwenye ngazi ya tatu, nikatua kwa kiganja, kifundo cha mkono kikateguka. Lakini kamba nilikuwa nimejizungushia mkononi mwenyewe. Mzee asijifunge kamba ya mbwa. Aishike tu, na akivutwa aiachie. Siku hizi kijana wa jirani humshusha Sungusungu kwa malipo kidogo, nami nakutana nao barabarani kwenye tambarare, tukatembea nusu saa. Bakuli lake liko juu ya kigoda, kwa sababu dawa za presha hunitia kizunguzungu nikiinama na kuinuka ghafla. Shingoni ana kengele, ili usiku nisimkanyage akiwa amelala mlangoni.

Chakula nacho kimenifundisha mengi. Anakula ugali wa dona na dagaa niliowaosha mchanga mara tatu, nikawachemsha bila chumvi. Kwa miaka nilimpikia yeye hivyo huku sufuria yangu naitia chumvi tele, ilhali mwenye presha ni mimi. Sasa tunapikiwa sufuria moja, na sehemu yangu naikamulia ndimu. Saa kumi na mbili asubuhi anakwaruza mlango kwa kucha. Napima sukari, nakunywa dawa, ndipo namfungulia, na hajaniruhusu kusahau hata asubuhi moja. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kilichokuwa asilimia 9.8, kliniki iliyopita kilisoma 7.1. Naliandika hili kwa fahari, na picha ya karatasi ile nilimtumia mwanangu.

Ninyi watoto mnaotupenda, msiamue mambo ya nyumba ya mzazi kana kwamba ameshakufa. Mkimwondolea mzee kiumbe kinachomlazimisha kuamka, mpeni sababu nyingine ya kuamka, na mkiwa hamna, mwacheni na mbwa wake. Mpelekeni mbwa akachanjwe kichaa kila mwaka, kwa kuwa ugonjwa huo dalili zikishaanza karibu kila mara huua. Kadi ya Sungusungu naiweka bahasha moja na kadi yangu ya kliniki.

Na wewe binti wa Sengerema, mkae na baba mpange nani atamlisha mbwa siku mzee akilazwa, maana huenda hofu hiyo ndiyo inayomfungia chakula. Mimi ufunguo wa geti nimempa jirani yangu Mwislamu, ambaye kwa imani yake hamgusi mbwa wala mate yake. Nilipolazwa siku nne mwezi Machi, alikuja asubuhi na jioni, akamwaga chakula bakulini kwa kata yenye mpini mrefu, akasimama pale getini mpaka bakuli likaisha.