Mwanaume unayetafuta mtoto, usitie chakula cha moto kwenye plastiki

Mimi na mke wangu tulitafuta mtoto kwa muda mrefu, na maswali yote ya ukoo yalikuwa yanaelekezwa kwake. Ndugu yangu, ukiwa kwenye hali hiyo nenda ukapime na wewe. Kipimo cha manii hakiumi. Changu kilionyesha mbegu chini ya milioni 16 kwa mililita, kiwango cha chini katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021.

Daktari alianza na mishipa ya korodani, maambukizi na sigara. Kisha akauliza nakula nini, na kwenye chombo gani. Mchana ni kwa mama lishe: wali na maharage yanatoka jikoni yakifuka moshi, yanatiwa kwenye kontena la plastiki, kifuniko kinalegea kwa mvuke. Jioni ni chipsi kwenye mfuko, mafuta bado yanachuruzika. Nyumbani nako sufuria ya ndizi ilifunikwa kwa nailoni ili ziive upesi.

Joto na mafuta ndiyo yanayozitoa kemikali kwenye plastiki. Fithaleti, zinazolainisha plastiki, hupunguza utengenezaji wa testosteroni, homoni ya kiume. Bisfenoli A, iliyomo kwenye baadhi ya plastiki ngumu na utando wa ndani wa makopo, huiga estrojeni, homoni ya kike. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011. Uchambuzi wa watafiti Hagai Levine, Shanna Swan na wenzao wa 2017 ulikuta kwamba kati ya 1973 na 2011 wingi wa mbegu kwa wanaume wa nchi za Magharibi ulishuka kwa zaidi ya nusu. Haukuthibitisha kwamba plastiki ndiyo chanzo, lakini mimi sikuona sababu ya kusubiri.

Sasa nabeba hotpoti ya chuma, mama lishe ananipakulia humo, na wenzangu kazini wameanza kuja na zao. Ndizi tunazifunika kwa majani ya mgomba. Sigara nimeacha. Kipimo cha pili kilipanda, na siwezi kuipa sifa hotpoti peke yake.

Bisfenoli A nyingi hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja, ila mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa. Kwa hiyo rudia kipimo baada ya miezi mitatu, maabara ileile, ukiwa umejizuia kumwaga manii kwa siku 2 hadi 7.