Mnaoanza kazi ya sera Uganda: ukisoma asilimia ya ukuaji, uliza imetoka wapi

Kila Juni bajeti ikisomwa Kampala, asilimia ya ukuaji wa uchumi hutangulia, na wengi wenu mnaoingia kazini mwaka huu, iwe wizarani, wilayani au kwenye mashirika, mtaanza ripoti zenu kwa namba hiyo hiyo. Anzeni nayo, sina ugomvi nayo. Bila ukuaji hakuna kodi, na bila kodi hakuna dawa kwenye kituo cha afya wala mwalimu darasani. Ninachowaomba ni msiishie hapo, maana pato la taifa hujumlisha tu. Halipunguzi kilicholiwa ili lipatikane.

Tazameni Lwera, kwenye barabara ya Masaka. Mchanga ukichimbwa kinamasini ukauzwa Kampala, thamani yake inaingia kwenye pato la taifa. Kinamasi kilichogeuka mashimo ya maji hakipunguzwi popote. Mei 2023 mto Katonga ulifurika, barabara ikakatika darajani, na magari ya Masaka na Mbarara yakazungushwa kupitia Gomba na Sembabule. Ubishi ukawa mkubwa: wengine wakasema ni mvua, wengine wachimba mchanga, wengine mashamba ya mpunga upande wa juu wa mto. Sidhani kama sababu ilikuwa moja. Lakini fuateni hesabu yenyewe: mafuta ya ziada yaliyochomwa njiani yalihesabiwa kama mauzo, na ukarabati wa daraja ukahesabiwa kama ujenzi. Hasara imeingia vitabuni kwa jina la ukuaji. Jambo hili mlifundishwa mwaka wa kwanza chuoni, ila mkubwa wako akitaka ukurasa mmoja kabla ya saa kumi jioni, ni rahisi sana kulisahau.

Kwa hiyo nendeni mahali penyewe, na msiende kuonana na meneja peke yake. Niliwahi kukaa na wapakiaji wa mchanga kando ya barabara hiyo. Tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa kundi lilikuwa na Baganda, Wanyankole na vijana kutoka upande wa Arua. Walikuwa wanalipwa kwa lori, si kwa siku, na lori lisipokuja hakuna kitu. Miguu yao ilikuwa imebabuka kwa kushinda majini bila buti. Nikamuuliza mzee mmoja anaona kipi bora, kazi ile au kinamasi kibaki. Akanijibu, "Mwanangu, hapo unanigawa. Mimi napakia asubuhi, mke wangu anauza kambare pale mbele jioni. Kambare wakiisha, mchanga hautatulisha sisi wawili."

Jibu hilo lina uzito kuliko karatasi nyingi nilizosoma. Tunapoandika "ajira dhidi ya mazingira" tunawachora watu wa pande mbili, kumbe mara nyingi ni nyumba moja. Anayevuta dawa ya kupulizia maua kwenye shamba la waridi karibu na Entebbe ndiye anayechota maji jirani na shamba hilo. Agosti 2024 jalala la taka za Kampala, la Kiteezi, lilipoporomoka na kuua zaidi ya watu 30, halikuwa suala la taka tu. Kulikuwa na watu waliokula kutokana na jalala lile kwa kuokota plastiki na vyuma, bila mkataba na bila mtu wa kuwaambia leo msipande juu yake.

Sasa, mradi ukiwajia na ahadi ya maelfu ya ajira, ulizeni ngapi ni za wakati wa ujenzi na ngapi zitabaki. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga lina urefu wa kilomita 1,443. Kulichimbia kunahitaji mikono mingi, kuliendesha kunahitaji michache. Kisha ulizeni mkataba. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 hazimruhusu mwajiri kumweka mtu kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Nimekuta sehemu watu wanasimamishwa mwezi wa nne ukikaribia, wanakaa nyumbani kidogo, wanaitwa tena kama wapya. Daftari la mahudhurio litawaonyesha hilo upesi, mkilisoma miezi sita mfululizo badala ya mmoja. Angalieni pia michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: mwajiri asilimia 10 ya mshahara, mfanyakazi asilimia 5, na tangu marekebisho ya 2022 kila mwajiri anahusika, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Kuhusu kima cha chini cha mshahara msitegemee sana sheria. Kilichopo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais hakuusaini.

Tathmini ya athari za kimazingira na kijamii isomeni kuanzia kurasa za nyuma, kwenye mpango wa utekelezaji, kwa sababu huko ndiko fedha zinakotajwa au kukosekana. Na wilayani fanyeni kitu kidogo ambacho hakuna atakayewaagiza: mpelekeeni afisa wa kazi nakala ya faili la afisa wa mazingira, na la afisa wa kazi mlipeleke kwa mwenzake. Wanaweza kuwa kwenye jengo moja na kila mmoja akamkagua mwajiri yule yule kivyake.

Jambo la mwisho ni kufungwa kwa mradi. Mgodi wa shaba wa Kilembe, Kasese, uliwahi kuipa nchi fedha nyingi za kigeni, na reli ilifikishwa Kasese mwaka 1956 kwa ajili yake. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Marundo ya mabaki yake bado yako kando ya mto Nyamwamba, na mto ukifurika, kama ulivyofanya Mei 2020, unayamega na kuyapeleka chini kuelekea Ziwa George. Mkikaa kwenye kikao cha mradi wowote wa uchimbaji, ulizeni fedha za kusafisha ziko benki gani na kwa jina la nani, na msitoke kabla jibu halijaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.