Barua kwa mwanangu: fundi yupi umkabidhi nyumba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Swali lako nimelipata. Unataka kuondoa ukuta ulio kati ya jiko na sebule na kulifanya bafu upya. Mafundi watatu wamekupa bei. Mmoja yuko chini ya wenzake kwa karibu theluthi nzima, na anasema kila kitu atakifanya mwenyewe. Unauliza umchukue yupi, na kama kuna haja ya kumlipa mhandisi.

Nianze na mhandisi, maana hapo hakuna mjadala. Unene wa ukuta hauonyeshi kama umebeba kitu. Mwembamba unaweza kuwa umebeba paa, mnene ukawa umesimama tu. Mhandisi wa miundo hutazama kilicho juu: mbao za dari zimelalia wapi, slabu, yaani bamba la zege la juu, imeegemea nini, kuna ukuta mwingine juu ya huo au hakuna. Kisha hutazama chini. Mzigo uliokuwa umetandaa kwenye ukuta mzima, ukiondoa ukuta na kuweka boriti, utakusanyika kwenye ncha mbili, na msingi wa hapo lazima uweze kuuhimili. Hili la msingi ndilo linalosahaulika sana, na nyufa zake hujitokeza miezi baadaye, fundi akiwa ameshaondoka.

Anachokukabidhi ni mchoro wenye ukubwa wa boriti, idadi na unene wa nondo, urefu wa kulalia kila upande (kwenye tofali mara nyingi si chini ya milimita 150), na jinsi dari itakavyoegemezwa kabla tofali la kwanza halijatolewa. Nguvu ya zege hupimwa kwa kigezo cha siku 28, kwa hiyo siku ya kutoa nguzo za muda aiseme mhandisi, asiiseme fundi mwenye haraka ya kuzipeleka kwingine. Fundi aliyekwambia "tutaweka lenta tu", yaani ile boriti fupi ya juu ya mlango au dirisha, bila kuuliza kilicho juu ameshakujibu nusu ya swali lako.

Mchoro huo uwe mkononi kabla ya kuomba bei tena. Na kibali cha kubadilisha jengo uulize mwenyewe ofisini. Fundi akikusihi msikichukue, mwambie akuandikie hivyo na kutia saini, uone. Kama nyumba ni ya zamani, dari au mabomba yanayodhaniwa kuwa na asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, yapimwe kwanza. Yakishavunjwa vumbi lake halirudi kwenye mfuko.

Sasa hizo bei. Pengo la theluthi mara chache hutokana na fundi mmoja kuridhika na faida ndogo. Hutokana na mambo ambayo hayakuandikwa: kubeba kifusi, dawa ya kuzuia maji bafuni, plasta ya kuziba pale ukuta ulipotinduliwa kupitisha mabomba na waya. Yote hayo utayalipa baadaye kama "nyongeza", wakati bafu limeshavunjwa na huna pa kukimbilia. Kwa hiyo andika karatasi moja yenye kila kazi unayoitaka, chumba kwa chumba, uwape wote watatu ile ile, na kila mmoja atenganishe ufundi na vifaa, vifaa viwe na aina na kiasi.

Halafu hakiki kiasi hicho mwenyewe. Chukua bafu la mita 2 kwa 2.5. Sakafu ni mita za mraba 5. Kuta kuzunguka ni mita 9. Ukipandisha marumaru hadi mita 2.1 unapata 18.9, toa mlango wa karibu 1.7, zinabaki 17.2. Jumla ni 22.2, na ukiongeza asilimia 10 ya kukatika na kuvunjika unafika karibu 24 na nusu. Fundi aliyeandika 18 hakupima, au amepima na anajua atarudi kwako kazi ikiwa nusu. Na marumaru za nyongeza zikichelewa kununuliwa, huenda rangi yake isilingane na za kwanza, hata kama jina kwenye boksi ni lile lile.

Vyeti havihitaji maneno mengi. Namba ya leseni ihakikishe kwa mamlaka iliyoitoa, si kwa nakala aliyokuonyesha. Jina kwenye leseni, kwenye mkataba na kwenye akaunti ya benki liwe moja. Bima ya kuumiza watu au kuharibu mali ya jirani iwe hai mpaka tarehe ya mwisho wa kazi, na uthibitisho wake utoke kwa kampuni ya bima yenyewe.

Lakini leseni inakwambia tu kwamba mtu aliwahi kufuzu. Kinachokwambia kama anafaa kwa kazi yako ni hiki, waulize wote watatu, kila mmoja peke yake: "Kabla hujafunika, utanionyesha nini?" Karibu kila kinachoharibika kwenye ukarabati kiko nyuma ya plasta au chini ya marumaru, na fundi anayejua kazi ana jibu tayari, tena lenye namba.

Fundi bomba akwambie atajaza maji kwenye mabomba mapya, ayapandishe presha hadi mara moja na nusu ya presha ya kawaida, na geji ikae bila kushuka kwa muda uliokubaliwa, walau saa moja, kuta zikiwa bado wazi. Akisema "nitafungua bomba tuone kama linavuja", hilo si jaribio. Kiungo kilichokazwa vibaya huweza kuvumilia wiki kadhaa kabla hakijaanza kudondosha.

Fundi umeme akutajie unene wa waya kwa kila saketi na sababu yake. Mara nyingi utasikia milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi. Hita ya maji ya kilowati 7 kwenye volti 230 inavuta takriban ampea 30, kwa hiyo inahitaji saketi yake peke yake, kwa kawaida waya wa 6, na mnene zaidi njia ikiwa ndefu. Aseme pia ataweka kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30, kwa ajili ya bafu, na kwamba mwishoni utapata karatasi yenye vipimo vya waya wa ardhi na vya ukinzani wa nyaya. Anayesema atatumia saketi ya soketi zilizopo kulisha hita, mshukuru na umsindikize mlangoni.

Kwa sakafu ya bafu, sikiliza mambo matatu: mteremko wa karibu sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, dawa ya kuzuia maji tabaka mbili ikipandishwa ukutani na kuimarishwa kwa utepe kwenye kona, na jaribio la kufurika. Jaribio hilo ni rahisi: dawa ikishakauka tundu linazibwa, maji yanajazwa sentimita chache, unaweka alama ya penseli ukutani, mnayaacha maji saa 24, kisha unatazama alama na dari ya chini kama kuna ghorofa. Muulize pia sakafu mpya ya saruji itasubiri muda gani kabla ya marumaru. Kanuni ya mafundi ni kama siku moja kwa kila milimita ya unene hali ya hewa ikiwa nzuri, isipokuwa akitumia mchanganyiko wa kukauka haraka. Anayeahidi bafu zima kwa wiki moja ataziba unyevu humo humo, na grauti, ile ya kuziba mianya kati ya marumaru, itaanza kubadilika rangi kabla hujazoea bafu lako jipya.

Huyo wa "kila kitu mwenyewe" simhukumu kwa maneno hayo tu. Mkandarasi mmoja anayebeba dhamana ya kazi yote ni jambo zuri, tena hupunguza ule mchezo wa fundi bomba kumlaumu fundi marumaru. Ila akutajie nani atafanya umeme na leseni ya nani itatumika. Mwashi mzuri anayeunganisha nyaya kwa sababu "amezoea" ni hatari.

Omba kuona kazi mbili: moja inayoendelea sasa hivi, uangalie usafi, nguzo za muda na jinsi waya zilivyolazwa, nyingine iliyomalizika zaidi ya mwaka, kwa kuwa uvujaji na nyufa havijionyeshi mapema. Mwenye nyumba usimuulize kama alifurahi. Muulize kilichoharibika kilikuwa nini na fundi alirudi baada ya siku ngapi. Ukiwa hapo, gonga marumaru kwa kifundo cha kidole. Sauti ya uwazi kwenye kona nyingi ina maana gundi ilidondoshwa kwa madoa badala ya kutandazwa.

Pesa: malipo ya awali yasizidi asilimia 10 hivi, na vifaa vya bei kubwa vilipwe vikifika nyumbani. Mengine yafuate hatua zilizokamilika na kupimwa: boriti, mabomba na waya baada ya majaribio, dawa ya kuzuia maji baada ya zile saa 24, marumaru. Asilimia 5 hadi 10 zibaki mkononi mwako kwa kipindi cha marekebisho mtakachokubaliana. Mabadiliko yoyote yaandikwe kabla ya kufanywa, yakiwa na bei na siku zinazoongezeka. Na tenga asilimia 15 ya bajeti kwa yatakayoonekana ukuta ukishafunguliwa; hiyo fundi asiijue.

Kwa hiyo wa bei ya chini usimwondoe bado. Mpe mchoro na karatasi ya kazi kama wenzake, akokotoe upya. Nikikisia, atapanda na kuwakaribia. Asipopanda, soma mstari kwa mstari uone alichoruka. Mhandisi akimaliza, nipigie picha ya mchoro unitumie pamoja na bei zote tatu mpya, nizipitie kabla hujatia saini.

Mama yako