Maswali ya Wasomaji: Bandari ilikufa ikageuka mtaa, sisi wa Dodoma inatuhusu nini?

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni fundi bomba, naishi Chang'ombe hapa Dodoma. Kijana wangu anasomea mipango miji, kaja likizo ananisimulia kuna mji huko Uswidi ulikuwa na bandari ya kuunda meli ikafa, wakaigeuza mtaa wa watu na unatumia umeme wa upepo na jua tu. Nikamwambia hizo ni hadithi, tumebishana siku tatu sasa. Je ni kweli? Na sisi tusio na bahari, ambao mvua ya Januari inaingia mpaka sebuleni, tunapata nini hapo? – Baba wa mwanachuo

JIBU: Nzuri kaka, na pole sana kwa hayo maji. Kijana yuko sahihi, ila kwenye hiyo "tu" kaongeza chumvi kidogo.

Mji ni Malmö na eneo linaitwa Västra Hamnen. Hapo ndo ilikuwa karakana ya meli ya Kockums, moja ya kubwa duniani enzi zake, halafu kazi ya meli ikahamia Asia na mwaka 1986 ikaamuliwa meli za biashara basi. Kikaja kiwanda cha magari ya Saab, 1991 nacho kimefungwa. Kreni kubwa ya Kockums, mita kama 140 kwenda juu, ikauzwa Korea Kusini kwa dola 1, ikaondoka 2002. Dola moja kaka! Fikiria fundi aliyezeeka chini ya ile kreni anaiangalia inapakiwa melini.

Mimi kilichonigusa ni kwamba walianzia chini. Ardhi ya karakana inakuwa imenywa mafuta na uchafu wa kiwanda miaka na miaka, kwa hiyo udongo ulishughulikiwa kwanza kabla ya kuweka nyumba juu, na mwaka 2001 wakafungua mtaa wa kwanza kwa maonyesho ya makazi yaliyoitwa Bo01. Sasa kwenye joto la nyumba wewe utaelewa kuliko mimi: chini kuna mwamba wa chokaa wenye maji, wakachimba visima, wakati wa joto wanalishusha joto huko chini na baridi ikifika wanalivuta juu kwa pampu. Umeme wa kuendesha hizo pampu unatoka hasa kwenye feni moja kubwa la upepo la megawati 2. Ile chumvi ya kijana ni hapa, mtaa umeungwa kwenye gridi ya taifa kama kawaida, upepo ukilala wanachukua, ukizidi wanarudisha, na hesabu inafungwa kwa mwaka mzima.

Na walipima baadae. Lengo lilikuwa nyumba isizidi kilowati-saa 105 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, nyumba kadhaa zikazidi, madirisha makubwa ya kuangalia bahari yanapoteza joto, na hawakuficha, yakaandikwa. Hilo nalipenda sana kwa kweli.

Ila wewe umeniuliza maji. Kule mvua ikishuka kwenye paa haifukiwi kwenye bomba ikasahaulika, inapita kwenye vimfereji vya wazi pembeni ya njia za miguu, inaingia kwenye vidimbwi vyenye majani, inapunguza mbio, ndo inaenda baharini. Sisi tunapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka na karibu yote inashuka Desemba mpaka Aprili, tena kwa fujo. Mwezi wa kwanza nilisimama mlangoni kwangu nikaangalia mtaro wa zege wa mtaa wetu, umejaa chupa za maji na mchanga mwekundu mpaka juu, maji yakauruka yakafuata njia yake ya zamani kabisa, yaani korongo lililokuwepo kabla hatujapimiwa viwanja, na juu ya hilo korongo sasa hivi kuna nyumba tatu. Baada ya wiki mbili tunanunua maji ya boza. Maji yaleyale kaka! Hapo haihitaji bahari wala hela za Uswidi, inahitaji korongo lichorwe kwenye ramani kwanza, viwanja baadae, na eneo lolote la zamani katikati ya mji likiachwa wazi, godauni au karakana, lianze na swali la maji yapite wapi. Mwambie kijana nimesema hivyo.

SWALI: Huo mtaa wa bandari, mtu wa kipato cha chini alipata chumba? – Mama wa Ipagala

JIBU: Mwanzoni hapana mama, na walilaumiwa sana. Nyumba za mbele ya bahari zilikuwa za wenye uwezo, na 2005 likasimama ghorofa la Turning Torso, mita 190, sio la mshahara wa kawaida lile. Awamu iliyofuata, Flagghusen, manispaa ilikaa na wajenzi mapema kabla ya kuwapa ardhi, wakakubaliana nyumba nyingi ziwe za kupanga na bei ipungue, bila kuacha masharti ya mazingira. Ardhi ilikuwa mkononi mwa manispaa ndo maana iliweza kuweka masharti. Kiwanja kikishauzwa, unamshurutisha nani?